Kwa nini mlipa kodi awe wa mwisho kulipwa kampuni za nishati safi zikifilisika?

Wakuu, hapa tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Kampuni ya nishati safi ikianza kuyumba, mbio ni serikalini kuomba ruzuku au dhamana, na kila mara wanasiasa wanasema fedha za umma ziko salama. Nimechoka kusikia hilo neno.

Chukueni Solyndra, kampuni ya paneli za sola ya California. Septemba 2009 serikali ya Marekani iliidhamini mkopo wa dola milioni 535. Hawakutengeneza paneli bapa kama wenzao. Wao walikuwa na mirija ya kioo iliyopakwa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu, lengo likiwa kukwepa silikoni, malighafi ya paneli za kawaida, ambayo wakati wanaanza ilikuwa ghali mno. Silikoni ikaporomoka bei, paneli za kawaida zikawa rahisi, mirija yao ikakosa soko. Mei 2010 Rais Obama bado alikwenda kiwandani kuwasifia.

Sawa, biashara hufa, sina ugomvi na hilo. Kinachonichoma ni kilichofanyika mwanzoni mwa 2011. Kampuni imeishiwa, wawekezaji binafsi wanakubali kuongeza dola milioni 75, ila kwa sharti kwamba ikifilisika hizo 75 zao zilipwe kwanza, serikali isubiri nyuma yao. Na wizara ya nishati ikasaini! Sheria ya mwaka 2005 inayosimamia dhamana hizo ilikataza deni ambalo serikali inaidai kampuni kuwekwa nyuma ya deni jingine. Wanasheria wa wizara wakaifasiri kwamba katazo hilo linahusu siku ya kutoa mkopo tu, baada ya hapo ruksa. Rudieni kusoma hapo. Mwanasheria anayelipwa na umma anatafuta upenyo wa kumpeleka umma mwisho wa foleni! Agosti 31 mwaka huohuo kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wapatao 1,100 wakapoteza kazi, na fedha za walipa kodi karibu zote zikaenda na maji.

Najua kuna watakaoniletea mfano wa Tesla, kampuni ya magari ya umeme. Ilikopeshwa dola milioni 465, ikamaliza deni Mei 2013, miaka 9 kabla ya muda. Hongera kwao, kwa dhati. Lakini serikali ilikuwa na haki ya kununua hisa zaidi ya milioni 3 kwa bei ya zamani, na haki hiyo ikafutika kwa sababu mkopo ulilipwa mapema. Maana yake kampuni ikianguka hasara ni ya umma, ikipaa umma unarudishiwa mkopo na riba, basi, utajiri wote wa wenye hisa. Nani kati yenu angekopesha hela yake binafsi kwa mkataba wa namna hiyo?

Na hili halijaisha. Ujerumani iliweka euro milioni 600 kupitia benki yake ya KfW kwa ajili ya kiwanda cha betri cha Northvolt, kampuni ya Sweden, kule Heide. Machi 2025 Northvolt ikafilisika Sweden.

Sola naitaka, upepo nautaka, na serikali kusaidia teknolojia changa sipingi hata kidogo. Ila anayetoa fedha za umma achukue hisa za kudumu, awe wa kwanza kulipwa, na asiwepo waziri wala mwanasheria anayeweza kulibadilisha hilo baadaye kwa siri chumbani. Wanaotetea mikataba ya sasa waje hapa watueleze ugumu wa kufanya hivyo uko wapi.