Tupeane uzoefu: shoo za laivu kwenye majumba ya sinema ya zamani pale mjini

ChaliiWaKaloleni:
Wakuu habari za jioni. Leo nimeingia mjini kati kutafuta chaji ya simu, nikaingia kwenye fremu moja hivi ndani ndani, nikainua macho nikaona ukuta. Wazee mnaujua ule ukuta. Juu kabisa bado kuna vile vitundu viwili vya mraba vilivyokuwa vinatoa mwanga wa picha. Nikamwambia dogo muuzaji, hapa uliposimama mimi nimewahi kumuona mtu anatema moto, akaniangalia kama mimi ndo nimevuta kitu.

Sasa siongelei picha za Kihindi wala za karate, hizo zina uzi wake. Naongelea zile siku pazia jeupe linakunjwa, steji inakuwa ya watu. Ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, taarab, halafu bendi mpaka majogoo, vyote hivyo tiketi moja. Nani alikuwepo? Mwenye kisa amwage.

bibie_levolosi:
Nimesoma tu hapo nikasikia harufu ya karanga za kwenye koni ya gazeti.

Ngarenaro68:
Kijana umenigusa. Sisi wa Arusha ilikuwa Metropole na Elite, huo ndo ulikuwa mji. Gari la matangazo linaanza kuzunguka asubuhi, Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro, linashuka Unga Limited, spika imefungwa juu kwa kamba ya katani, jamaa anaunguruma "leo leo leo asiye na mwana aeleke jiwe". Na sisi jiwe tulikuwa tunaeleka kweli. Tangazo linasema saa mbili usiku, ukifika saa mbili unakuta wasanii ndo wanashusha ngoma kwenye lori. Dirisha la tiketi lina nondo, unaingiza mkono na hela mkono unabanwa, ukiutoa tiketi imeshaisha, pembeni jamaa wa kulangua anakuonyesha tiketi tano anacheka. Mpaka leo nikiona foleni naficha saa.

MangiWaRau:
Arusha mnajisifu nini sasa, Moshi tulikuwa na Plaza na watu walikuwa wanakaa kistaarabu, wamevaa suti. Nyie mlikuwa mnaingia na viroba vya mirungi.

Ngarenaro68:
Suti za mitumba ya Kiboriloni hizo.

MangiWaRau:
Kiboriloni ambako wewe ulinunulia suti ya harusi, au unafikiri tumesahau meku.

ChaliiWaKaloleni:
Jamani uzoefu kwanza.

bibie_levolosi:
Mimi wangu ni wa miaka ya tisini, ule wakati wa vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT. Wasiokuwepo hawawezi kuelewa, ilikuwa Simba na Yanga kabisa. TOT wana Khadija Kopa, Muungano wana Nasma Khamis Kidogo, na ukumbini unaingia ukiwa umeshachagua upande. Mimi nilikuwa wa Nasma, shoga yangu tuliyekwenda naye wa Kopa, na tuliazimana vitenge kwenda. Ikipigwa nyimbo yenye neno lako unainuka, unapita katikati ya viti taratibu huku hela umeishika juu kila mtu aione, unakwenda kumtunza mwimbaji, ukirudi unapitia mbele ya yule mbaya wako. Kuna mama mmoja aliyekuwa na ugomvi na jirani yake wa Kaloleni, alitunza nyimbo moja mara sita. Hela ya mwisho ilikuwa nauli. Tulirudi naye kwa miguu.

dogo_njiro:
Samahanini wakubwa, shikamooni. Wikiendi ijayo kuna shoo ya vichekesho kwenye ukumbi mmoja wa zamani hapa mjini, wamekarabati kidogo. Nataka nimpeleke mchumba. Nizingatie nini?

Ngarenaro68:
Marahaba. Usikae chini ya balkoni. Kuna watu wa juu hawana adabu, maganda ya karanga ni nafuu yake.

bibie_levolosi:
Kaa chini ya balkoni hapo hapo, ndo pana joto, mwezi wa saba ukumbi ule ni friji.

MangiWaRau:
Mlete Moshi, joto bure.

Mbeba Boksi:
Wakuu mimi nipo Marekani mwaka wa kumi na moja huu. Huku Chicago kuna Chicago Theatre, ipo mjini kati kabisa mtaa wa State, ilifunguliwa 1921, ina viti kama 3,600, na nje lile bango refu limesimama wima limeandikwa jina la mji. Nayo ilikuwa ya sinema, ikachoka, ikafungwa 1985, mwaka uliofuata ikafunguliwa upya na Frank Sinatra ndo akaimba. Hawakuigawa fremu. Mara ya kwanza kuingia nilisimama pale kwenye ngazi nikawaza Metropole yetu nikanyamaza kabisa.

Ngarenaro68:
Uzi wa Arusha huu, mambele yako weka kwenye boksi.

Mbeba Boksi:
Mzee subiri nimalize, kisa chenyewe hicho hapa. Siku nyingine nikaenda kwenye kaukumbi kengine kadogo ka zamani, dada anaimba, sauti ya kukutoa machozi, watu wote kimyaa kama msibani. Mimi nimekulia Unga Limited, damu ikachemka, nikainuka na dola tano nimeinyoosha juu nacheza mdogo mdogo kwenda kumtunza. Sijafika hata safu ya tatu nimedakwa na mabaunsa wawili. Nawaeleza "kwetu ndo heshima", wananiuliza nina silaha? Dola tano ikabaki mkononi. Yule dada mpaka leo hajui alikosa tunzo.

bibie_levolosi:
Hahahaha nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Mama Sakina:
Huwa nasoma tu siandiki, ila leo mmenichokoza.

Mimi ilikuwa 1989, mwezi wa saba, nipo darasa la sita. Baba mdogo alikuwa kapata kibarua kiwandani, akasema mshahara wa kwanza atanipeleka mjini kuona shoo ya kikundi kutoka Dar. Jina la ukumbi siweki, na kikundi siweki. Mama alinivalisha viatu vyekundu vya mkanda, vya Krismasi, ambavyo tangu Krismasi vilikuwa vinatoka kabatini kwenda kanisani na kurudi tu. Tukakaa upande wa kushoto karibu na katikati. Viti vile vya kujikunja, ukiinuka vinapiga pah, mimi nilikuwa mwembamba, nikiegemea nyuma kiti kinataka kunimeza, kwa hiyo nikakaa kwenye ncha tu nimeshikilia mbele.

Sasa kumbukeni sakafu ya sinema ni mteremko. Watu wanakunywa soda, chupa wanaweka chini, mtu anaigusa kwa mguu, inalala, inaanza safari. Unaisikia inatoka huko nyuma grrrr, inagonga mguu wa kiti, inatulia, inaendelea, mpaka inafika mbele kwenye steji inasema ting. Usiku mzima ndo hivyo. Unazoea.

Wakapiga ngoma, wakaja wa sarakasi wakapandana watu watano, ikaja kichekesho baba mdogo akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akatoka mzee wa nyoka. Kavaa kaniki, ngoma imeshuka chini kabisa, inapigwa kwa vidole. Akafungua kapu akamtoa chatu. Jamani. Mimi nilidhani ni mpira wa kumwagilia. Akamzungusha shingoni, akamshusha kiunoni, akamlaza kwenye mbao za steji akawa anamcheza, anaruka huku, anaruka kule, nyoka kanyanyua kichwa. Ukumbi kimya. Hata wale wa juu kimya.

Umeme ukakatika.

Giza lile si la nyumbani, nyumbani kuna dirisha. Kwanza watu wakapiga miluzi kama kawaida. Halafu tukasikia sauti ya mzee wa nyoka, wala hajapaza, anamuuliza mwenzake tu: "Unaye wewe?" Mwenzake akajibu: "Si unaye wewe?"

Hapo ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Na wakati huo huo huko nyuma mtu kagonga chupa. Mnanielewa? Chupa ya soda, ya kioo, baridi ya mwezi wa saba, inashuka kwenye giza inapita kwenye miguu ya watu mmoja baada ya mwingine. Mwanamke mmoja nyuma yangu akapiga yowe "HUYU HAPA KANIPITIA!" Akafuata wa safu ya mbele yake, "yuko hukuu", kila inapopita chupa panaibuka yowe, yanakuja yanatusogelea, na mimi nayasikia yanakuja. Ikanigusa hapa kwenye kifundo. Baridi, laini. Sikupiga kelele, sauti haikutoka, nilipanda juu ya kiti, kiti kikajikunja, nikanasa mguu.

Sijui nilinasuliwaje. Ninachokumbuka baba mdogo kanibeba kwapani kama gunia la mkaa, mlango ni mmoja uliofunguliwa, watu wamejaa, kuna mtu anasali kwa Kichaga, kuna mtu anauza karanga humo humo. Tukatokea nje barabarani kwenye baridi. Naangalia chini, nina kiatu kimoja, cha kulia. Cha kushoto kimebaki ndani. Kwa hasira na hofu nikakivua na hicho nikakitupa pale pale mlangoni, cha nini kimoja. Nimetembea mpaka nyumbani kule Sakina na soksi. Mama hakumgusa mtu, alimwambia baba mdogo neno moja tu, hawakuongea tena mpaka Pasaka.

Na mpaka leo sijui yule nyoka alionekana wapi.

ChaliiWaKaloleni:
Mama shikamoo. "Unaye wewe?" Nimeshindwa kula.

MangiWaRau:
Yeleuwi!

KijengeJuu:
Hao walikuwa TOT hao, nilisikia hiyo stori.

bibie_levolosi:
TOT imeanza 1992 mkuu, mama kasema 1989. Soma halafu ndo uandike.

KijengeJuu:
Basi stori imetungwa. Chatu mzima apotee ukumbini, polisi wasije?

Mama Sakina:
Kijana, kovu la kile kiti ninalo hapa juu ya goti. Njoo ulisome.

dogo_njiro:
Kwa hiyo nimpeleke au nisimpeleke?

Ngarenaro68:
Mpeleke. Avae raba za kufunga kamba.

Mbeba Boksi:
Nyoka alipatikana wapi jamani, huku ni usiku siwezi kulala.

KijengeJuu:
Nilisikia chooni.

bibie_levolosi:
Si stori imetungwa? Sasa chooni kafikaje?

Ngarenaro68:
Kwenye vile vyoo asingetoka mzima.

(Halafu niongezee hapo hapo, watu wanadhani majumba haya yaliuliwa na serikali au na wahindi kuhama. Mimi nilikuwepo. Kwanza vibanda vya video, kanda moja watu arobaini kwenye benchi. Halafu 1994 ITV ikaanza, mtu anakaa sebuleni kwa jirani anaangalia bure na miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nani atoke usiku wa baridi?)

MangiWaRau:
Leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu wa Arusha. Jumba moja la zamani ninalolijua mimi sasa hivi ni kanisa. Ule mteremko haujatolewa, ukidondosha sarafu ya sadaka inakwenda yenyewe madhabahuni.

Mtoto wa Fundi:
Shikamoo mama Sakina. Nimetumiwa huu uzi na mdogo wangu, akaniambia soma mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye jumba hilo, na kwa ulivyolieleza ni hilo hilo. Hiyo stori kwetu ilikuwa inasimuliwa kila mgeni akija. Chatu hakushuka hata kwenye viti. Mwezi wa saba Arusha, nyoka hana joto lake, anaazima la nje, kwenye baridi ile anakuwa mzito hawezi kwenda mbali. Umeme ulipozima kilichobaki na moto pale steji ni amplifaya, zile za zamani za valvu zinachemka kama pasi. Kajikunja nyuma yake. Baba aliingia na karabai kuja kuchomoa nyaya, kaweka mkono. Alikuwa anatuonyesha mkono ule ule kila akisimulia, kama vile una alama, haukuwa na alama. Mzee wa nyoka alikuja kumchukua anamwomba nyoka msamaha, sio watu.

KijengeJuu:
Haya nimekubali.

Mama Sakina:
Marahaba mwanangu. Miaka yote hiyo kumbe ilikuwa chupa. Baba mdogo yupo hai, nampigia sasa hivi.

Na viatu je? Vilivyobaki ndani.

Mtoto wa Fundi:
Vilijaa ndoo mbili mama. Baba alivipanga chini ya dirisha la tiketi wiki nzima, wenyewe waje wachague. Wengine waliona aibu kuja.

Mama Sakina:
Kulikuwa na chekundu cha mkanda, cha kushoto?

Mtoto wa Fundi:
Mama nisiseme uongo, miaka hiyo dada yangu mkubwa alikuwa na viatu vyekundu vya mkanda. Ila vyake vilikuwa viwili, kushoto na kulia.

Mama Sakina:
Muulize dada yako cha kulia aliokotea wapi.