Nina kazi, nina nyumba, ila maisha sioni ladha yake. Tatizo nini?

BekiMbili: Wakuu salaam. Ni mtumishi wa umma, nilihamishwa toka Dar kuja Dodoma serikali ilivyohamia huku. Mshahara si haba, mkopo wa benki nimemaliza, nyumba yangu Ihumwa nishahamia. Lakini nikitoka Mtumba jioni nafika home nawasha tivii nalala, kesho hivyo hivyo. Nilikuwa nasema nikimaliza kujenga ntatulia, nimemaliza, furaha ikadumu siku chache tu ikayeyuka. Siumwi, sidaiwi, nasali. Sasa mtu anaishi kwa ajili ya nini hasa??

kodi_ya_miezi_sita: Hizo stress za shibe 😂😂 nipe mimi hiyo nyumba uone kama sijapata maana ya maisha leo leo. Ama nenda Mirembe, si iko hapo hapo kwenu

Shangazi_Kahama: Msimcheke. Kuna utafiti wa Harvard ulianza 1938, walichukua wanafunzi wa chuo pale na vijana wa mitaa ya kimaskini ya Boston wakawafuatilia mpaka uzeeni. Waliokuwa wanaridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndo walikuja kuwa na afya nzuri wakifika 80, na hapo nazungumzia ndoa, ndugu, marafiki, sio mademu maana nawajua. Nyumba kuisha utamu ni kawaida, hata gari utaizoea. Swali langu, ukipotea siku tatu hapo Ihumwa nani atagonga geti?

BekiMbili: Duh. Watu wangu wote wako Temeke. Huku namjua bosi na muuza chipsi.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, mimi nilipostaafu nilikaa kibarazani nawaza hayo hayo, nikazidi kuchoka maana jibu halipatikani kwa kuwaza. Kilichonitoa ni watoto wa jirani, walikuja na hesabu za sehemu nikawaelekeza, kesho wakaja na wenzao, sasa hivi ikifika saa kumi wanapiga kelele getini "babu tumefika" nami nalalamika kelele lakini wasipokuja naulizia. Na huyo wa Mirembe, ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, sio ya kuchekea. Kama usingizi umekata au hata chakula hakipandi, nenda kamwone daktari, aibu ya nini?

BekiMbili: Shikamoo mwalimu. Usingizi upo na ugali unapanda vizuri tu. Kuna maveterani huwa wanacheza mpira Jumapili asubuhi karibu na kwangu, nawapitaga tu na gari. Wanapokea wageni au mpaka uletwe na mtu?

kodi_ya_miezi_sita: Beba katoni mbili za maji uende nazo. Namba utapewa hata kama mpira hujui 😂