Ngozi ya chatu Kahe: sebae au natalensis?

KaheJuu: Wakuu, kuna ngozi aliyojivua chatu kando ya mfereji huku Kahe, Moshi. Ina mita 4.3, kichwa kipo ila kimejikunja. Kitabu cha zamani kinaandika Python sebae natalensis, kipya Python natalensis. Ni yupi huyu, na ana urefu gani hasa?

MjusiKafiri: Anza na kichwa mkuu. Safu za magamba ya katikati ya mwili usihangaike nazo, hesabu za hawa chatu wawili, Python sebae na Python natalensis, zinaingiliana. Loweka kichwa kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Ukikikunjua kikavu kitapasuka kati ya macho, palepale unapopahitaji. Ngozi hutoka imegeuka ndani nje, kwa hiyo igeuze taratibu kwanza. Sasa tazama utosi: sebae ana magamba makubwa kati ya macho, natalensis yake yamegawanyika vipande vidogovidogo. Chini ya jicho sebae ana doa jeusi kubwa, la natalensis ni mchirizi tu. Rangi hubaki hafifu sana kwenye ngozi, imulike kwa mwanga, lakini amini magamba kuliko doa.

Urefu upunguze. Ngozi huvutika ikivuliwa, mara nyingi kwa moja ya tano au zaidi. Huyo huenda ni wa mita 3.5.

Rau_Msituni: Kuhusu vitabu, tofauti ni miaka tu. Natalensis alihesabiwa nususpishi ya sebae hadi mtaalamu wa reptilia Broadley alipompa hadhi ya spishi kamili mwaka 1999. Taabu ya kwetu ni kwamba wote wawili wapo Tanzania, hivyo kusema "kaokotwa Moshi" hakuamui kitu. Alama zikiwa za katikati, andika Python, kundi la sebae, uishie hapo.

KaheJuu: Na yule mkubwa wa misitu ya mvua ya Asia, ni jenasi hii hii?

MjusiKafiri: Zamani. Tangu 2014 ni Malayopython reticulatus. Vinasaba vilionyesha kuwa yeye na mwenzake wa Timor wako karibu zaidi na chatu wa Australia na Papua Nyugini kuliko na huyu wa Kahe. Anakonda ndiyo kabisa, hata familia si moja: yeye huzaa, chatu hutaga.

Rau_Msituni: Tupia picha tatu zenye rula: utosi, ubavu wa kichwa, chini ya mkia. Na usiiuze hiyo ngozi, nyara za serikali zinataka kibali.