Wakuu msaada, programu ya simu niliyoiandika kwa Flutter imegoma kukompaili na Jumatatu natakiwa niikabidhi

Kiraka_Tanga: Habari za jioni wakuu. Kuna programu ya kurekodi maziwa niliwatengenezea wafugaji wa kwetu 2021, miaka yote inapiga kazi. Juzi wakaomba niongeze bei ya lita tu, nafungua mradi, mekundu matupu, "Unsupported class file major version 65". Nikapandisha Gradle, ile zana inayounganisha programu, ikaja "Namespace not specified", yaani laibrari haina jina la utambulisho, nikitoa hili linakuja lile. Sijagusa kitu kingine. Usingizi sina.

mama_wawili: Pole kaka. Mimi Dart 3, lugha ya Flutter, ilipotoka 2023 ikakataa laibrari zote zisizo na null safety, ulinzi dhidi ya thamani tupu, programu yangu ya duka ilikuwa nazo tano na waliozitengeneza walishazitelekeza. Nililia. Siku hizi naandika kwa lugha ya Kotlin.

mzee_wa_skrini_nyeusi: Vijana hamtaki Git ya kutunza matoleo ya kodi, matokeo ndiyo haya. Weka pubspec.lock, faili la matoleo ya laibrari zako, tuone.

Kiraka_Tanga: Nimeifuta mkuu, nikaapdeti laibrari zote kwa mpigo. Git sina. Ila njia nimeipata, naingia pub-cache, folda ya laibrari zilizopakuliwa, naandika namespace mwenyewe, mbili zimekubali zimebaki saba, nataka nimalizie hivyo hivyo.

Bi_Sufuri: Mbona kama hadithi ya kutunga? 65 ni Java 21, na Java 21 imetoka Septemba 2023. Mtu ambaye hajagusa kitu tangu 2021 kaitoa wapi?

dogo_wa_kasera: Nilijua tu, muda wetu unaliwa hapa

Kiraka_Tanga: Wallahi si uongo dada. Laptop ya zamani iliibiwa mwezi uliopita, hii ni mpya na Android Studio mpya, Java imekuja nayo. Faili nimezitoa kwenye flashi. Wafugaji sijawaambia, nitawaangaliaje.

Bi_Sufuri: Pole, nisamehe. Basi pub-cache achana nayo, ulichoandika humo kipo kwenye mashine yako tu, ukisafisha kimepotea. Chukua upya faili za kwenye flashi, git init kabla ya chochote, weka Java 11 na Flutter ya enzi zile kwa FVM, zana ya kubadili matoleo ya Flutter, ikompaili kama ilivyokuwa, ndipo upandishe laibrari moja moja.

mama_wawili: Play Store haitaipokea lakini, tangu 31 Agosti 2025 wanataka API 35, yaani Android 15.

Kiraka_Tanga: Haiko Play, natuma APK, faili la kusakinisha, kwa WhatsApp, simu zenyewe ziko 12 tu.

mzee_wa_skrini_nyeusi: Keystore, ule ufunguo wa kusaini programu, unayo?

mzee_wa_skrini_nyeusi: Kijana?

Kiraka_Tanga: Iliondoka na laptop.

mzee_wa_skrini_nyeusi: Basi APK mpya haitakaa juu ya ile ya zamani, saini ni tofauti, itabidi waifute kwanza. Rekodi za maziwa ziko kwenye seva au kwenye simu?

Kiraka_Tanga: Kwenye simu. Ila kuna kitufe cha kutoa Excel, katibu wao ndiye aliniomba.

mzee_wa_skrini_nyeusi: Mpigie katibu usiku huu huu, simu zote 12 zitoe Excel. Java itasubiri.