Guangzhou wiki tatu: eSIM, romingi au laini ya kule?

Mama Vitenge
Habari zenu wapendwa. Mwezi wa kumi naenda maonyesho ya biashara ya Canton, kule Guangzhou, China, mara yangu ya kwanza. Wateja wangu wa soko la Kikuubo, Kampala, wote wako WhatsApp: napiga picha ya mzigo, wanachagua, wanatuma hela. Nikikosa data siku moja, nimekula hasara. Dada wa duka la jirani anasema niweke eSIM, ile laini ya ndani ya simu isiyo na kadi, mume wangu anasema niwashe romingi tu, nitumie laini yangu ya hapa nikiwa kule, yaishe. Simu ni iPhone 11, niliikuta imeshatumika.

Fundi wa Arcade
Kwanza piga *#06#. Ukiona namba ndefu iliyoandikwa EID, eSIM itaingia. Usipoiona, huenda simu yako ilitengenezwa kwa soko la China. Hizo zina nafasi mbili za laini za kawaida, eSIM hakuna. Kisha angalia kwenye mipangilio kama haijafungwa kwa kampuni moja ya ng'ambo. Hizo zinaletwa hapa kila wiki, mwenyewe hajui mpaka siku ya safari.

Hajji Safari
Mama, nimeenda mara sita. Laini ya kule unaipata kwa pasipoti na data yake ni rahisi, ila WhatsApp haifunguki, wameifunga. Google vilevile. Laini ya Uganda ikiwa kwenye romingi, au eSIM ya wasafiri, data yake kwa kawaida inazungukia nje ya China, ndiyo maana WhatsApp inapita. Kwa hiyo mzee hajakosea, ubaya ni bei. Safari ya kwanza niliwasha romingi bila bando nikalala. Simu ikakesha inapandisha picha za harusi ya binti yangu. Asubuhi salio sifuri, hata mke sijamwambia nimefika!

Siku hizi eSIM ni ya data, laini ya Kampala naiacha hewani, romingi ya data nimeizima, ili ujumbe wa benki uingie. Na WeChat fungua ukiwa bado hapa, wenye viwanda wote wako huko.

Mama Vitenge
Asante Hajji. Na namba yangu ya WhatsApp?

Hajji Safari
Inabaki ileile. eSIM nyingi za wasafiri hazina namba kabisa. Ikikuuliza ubadili namba, kataa.

Lori la Mutukula
Haya mambo ni ya wenye ndege. Mimi nilisajili laini ya Tanzania mara moja, pasipoti na alama za vidole, natamba nayo mpaka Dar. Tecno yangu haina hiyo EID na haijawahi kunidai.

Fundi wa Arcade
Kwa nchi unayoirudia kila wiki uko sawa, ssebo.

Nnalongo wa Ntinda
Mama, weka eSIM nyumbani kwenye Wi-Fi, usingoje uwanja wa ndege wa Entebbe. Msimbo wa QR, ule unaoupiga picha ili eSIM iingie, uchapishe kwenye karatasi, maana simu haiwezi kupiga picha kioo chake yenyewe. Uliza pia siku zinaanza kuhesabiwa lini: ukiiweka, au ukishika mtandao wa kule. Na usiifute! Mimi niliifuta Dubai nikidhani napunguzia simu uzito, msimbo ukakataa kuingia mara ya pili, muuzaji akaniambia ninunue nyingine.

Mama Vitenge
EID ipo! Kufungwa haijafungwa. Mume wangu nimempa simu asome mwenyewe, kafika kwa picha za harusi za Hajji, anacheka tu.