Naombeni jina la ile muvi ya zamani vijana wanaimba na kudansi, ina matunda yanapiga muziki

dundadunda:
Wakuu salama? Kuna muvi niliiona nikiwa mdogo, haina rangi, vijana wa sekondari wanaunda bendi, dogo mmoja mfupi mpiga ngoma hatulii hata sekunde. Sasa kuna sehemu anakaa mezani na msichana anachukua matunda anayapanga kama okestra, mara yanageuka yanaanza kupiga muziki kweli kweli, yaani nilibaki mdomo wazi. Inaitwaje? Na zipo nyingine za namna hiyo? Nataka kuangalia na wanangu, wana miaka 8 na 11.

filimbi_kongwe:
Hiyo ni Strike Up the Band ya 1940 mkuu, huyo mfupi ni Mickey Rooney na msichana ni Judy Garland. Muongozaji Busby Berkeley, mtaalamu wa kupanga wadansi wengi kwa mpigo. Subiri wimbo wa La Conga, ukumbi mzima unacheza, hakuna aliyekaa kando kuuza sura.

Hadithi yenyewe usitegemee makubwa: vijana hawana hela, mtu anasema tuandae shoo yetu wenyewe, hao wanaandaa. Muvi zote za Mickey na Judy za kuandaa shoo ndo hivyohivyo 😂

mama_stepu:
Ya kwanza ya hizo za kuandaa shoo ilikuwa Babes in Arms, 1939, mwaka uleule Judy alionekana kwenye The Wizard of Oz. Mickey aliteuliwa Oscar kwa hiyo, alikuwa na miaka 19 tu. Mle ndo ulianzia wimbo wa Good Morning, ule watu wengi wanaujua kwa Singin' in the Rain ya 1952.

Ila dada/kaka nikwambie ukweli kabla hujawawekea watoto, kuna shoo ndefu mle ndani ya Babes in Arms wamejipaka weusi usoni wanaigiza watu Weusi, mpaka mvua inanyesha inaharibu shoo. Babes on Broadway ya 1941 nayo inayo. Mimi yangu hiyo sehemu niliisimamisha katikati nikaeleza ni nini, wakauliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea, tukaendelea. Wewe amua mwenyewe lakini usikurupuke ukiwa umeshika popcorn.

filimbi_kongwe:
@mama_stepu kweli kabisa, nilisahau kusema. Kwa watoto basi mi ningeanza na hiyo ya matunda halafu Girl Crazy ya 1943, Mickey anapelekwa chuo cha jangwani eti atulie asahau wasichana, anamkuta Judy 😂 Berkeley aliianza akaondolewa, akamalizia Norman Taurog, lakini I Got Rhythm ya mwisho ni ya Berkeley mwenyewe, wachunga ng'ombe na bastola juu mpaka unahisi kelele imezidi.

dundadunda:
Asanteni sana wakuu! Ni yenyewe, jana usiku tumeiangalia. Mdogo kanichekesha, rafiki yao alivyoumia wakatoa hela ya safari ya mashindano ikamtibu, akasema "sasa bendi itaenda na nini?" akagoma kulala mpaka ajue. Na yule msichana wa nywele nyeupe anayejipinda kama hana mfupa ni nani?

mama_stepu:
June Preisser, sarakasi ndo kazi yake. Yumo na kwenye Babes in Arms. Ficha vyombo, watoto watajaribu 😅