Kina cha kukalisha kichwa cha risasi kwenye .308: nianzie wapi?

bolti_moja:
Wakuu, najaza risasi mwenyewe. Bunduki ni ya bolti, .308 Winchester, vichwa vya greini 168 (greini ni kipimo cha uzito) vyenye tundu puani. Upana wa kundi la matundu ya risasi tano kwa mita 100 haushuki chini ya milimita 35. Nimekalisha vichwa hadi urefu wa milimita 71.0 kutoka kitako cha ganda hadi ncha, ila nikipima, risasi zinapishana hadi milimita 0.3 na dai (kifaa kinachosukuma kichwa ndani ya ganda) sijaigusa. Nisogeze vichwa karibu na michirizi ya ndani ya mtutu? Kwa hatua gani?

Kalipa:
Mkuu, acha kupima kwenye ncha. Ncha za vichwa vya aina hiyo hazilingani tangu kiwandani, na dai haisukumi ncha, inasukuma ubavu wa pua. Funga komparata (kipande chenye tundu kinachoshika ubavu wa pua badala ya ncha) kwenye kalipa, ile rula ya kubana, upime kutoka kitako hadi pale pua inapokaribia unene kamili wa kichwa. Huenda hizo 0.3 zikabaki 0.05. Namba utakayopata ni ya komparata yako tu, usiilinganishe na ya mwingine.

Kisha tafuta michirizi inapoanzia. Tumia ganda lisilo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni), shingo ikiwa imelegea kidogo, kichwa kisukumwe taratibu mpaka kiguse. Rudia mara kadhaa kwa kichwa kilekile. Ukilazimisha, kinazama kwenye michirizi na kipimo kinakuwa kirefu kuliko ukweli.

shingo_ya_ganda:
Kabla ya kusogeza chochote, shusha baruti hadi kipimo cha kuanzia cha kitabu cha kujazia risasi. Kichwa kikigusa michirizi presha hupanda. Kikizama sana ndani ya ganda nafasi ya baruti hupungua, presha hupanda pia. Watu wengi wanaukumbuka upande mmoja tu.

Anza milimita 0.5 nyuma ya michirizi, rudi nyuma kwa hatua za 0.25, risasi tano kila hatua, baruti isibadilike. Ukiona eneo zuri, lichunguze kwa hatua za 0.08. Usichague kundi dogo kuliko yote. Risasi tano zinaweza kukubahatisha. Chagua pale ambapo hatua mbili tatu zinazofuatana zote ni nzuri, maana koo la mtutu, pale michirizi inapoanzia, linalika kadiri unavyopiga na umbali unaongezeka wenyewe.

Magazini nayo ina kauli yake: risasi isiyoingia humo utailisha kwa mkono mmoja mmoja.

Kalipa:
Naongeza: usikalishe kichwa hadi kibanwe na michirizi kwa bunduki ya kuwindia. Ukitaka kuitoa risasi bila kupiga, kichwa kinaweza kubaki mtutuni na baruti ikamwagika ndani ya bunduki yote.

Na kama vipimo bado vinaruka, angalia shingo. Mdomo wa ganda usiosafishwa kingo hukwaruza kichwa, na shingo zilizokazwa tofauti hukalisha kwa kina tofauti.

bolti_moja:
Na vichwa vya shaba tupu?

shingo_ya_ganda:
Hivyo hupenda umbali mkubwa. Barnes, watengenezaji wa vichwa hivyo, hushauri kuanzia milimita 1.27 nyuma ya michirizi. Kwa uzito uleule ni virefu kuliko vyenye madini ya risasi (lead) ndani, vinakula nafasi ya baruti, kwa hiyo tumia jedwali la kichwa hicho hasa, si la greini 168 yoyote.